Rika Lisilo na Ziada: Uhakiki wa Dhana ya Kujitolea katika Ukokotoaji Uliosambazwa kwa Mtazamo wa Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Ukokotoaji uliosambazwa wa kujitolea ni utaratibu ambao kazi kubwa ya hesabu hugawanywa katika vipande vidogo vidogo, na kila kipande hupelekwa katika kompyuta ya mtu aliyekubali mashine yake ifanye kazi hiyo wakati yeye mwenyewe haitumii. Mradi uliovuma zaidi kwa utaratibu huu ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza Mei 1999 na kuacha kugawa kazi mpya Machi 2020. Mwaka huo huo wa 2020, mradi wa Folding@home, unaochunguza namna protini zinavyojikunja, ulijiunga na watu wengi kiasi kwamba uwezo wa kompyuta zao kwa pamoja ulivuka hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde. Katika miradi ya aina hii, seva kuu ndiyo inayogawa kazi na kupokea majibu. Wapo wataalamu waliopendekeza njia nyingine, yaani mfumo wa rika kwa rika, ambamo kompyuta hupeana kazi zenyewe kwa zenyewe pasipo mkubwa wala mdogo.

Maandiko ya uwanja huu hutoa ahadi kwamba mtu yeyote, popote alipo, anaweza kushiriki katika sayansi kubwa ilimradi ana kompyuta na intaneti. Uhakiki huu unaipima ahadi hiyo kwa kusimama katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Maswali yanayouongoza ni mawili. Kwanza, maandiko haya yanadhania nini kuhusu mtu anayejitolea? Pili, je, dhana ya rika inayojengwa humo inalingana na namna watu wa maeneo haya wanavyosaidiana?

Hoja inayotetewa ni kwamba maandiko haya yamejengwa juu ya dhana ya ziada, na kwamba hata mifumo ya rika kwa rika, ambayo ilikusudiwa kuondoa ukubwa wa seva, imeirithi dhana hiyo bila kuihoji. Matokeo yake ni usawa wa mashine usiofika kwa wenye mashine. Uhakiki unaonyesha pia kwamba msaada wa kanuni ya fadhila na msaada wa kanuni ya uanachama ni vitu viwili tofauti, na kwamba kanuni ya pili, inayofahamika vyema Kagera, haijapewa nafasi inayostahili.

2.0 Chimbuko la Dhana: Nyumba Iliyobebwa Mabegani

Istilahi ya ukokotoaji wa kujitolea ilianzishwa na Luis Sarmenta, mtafiti mwenye asili ya Ufilipino, aliyekamilisha tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) mwaka 2001. Mfumo alioubuni aliuita Bayanihan. Neno hilo ni la Kifilipino, na picha inayoambatana nalo ni ya wanakijiji waliopitisha miti chini ya nyumba ya jirani, wakaiinua mabegani na kuihamishia mahali pengine. Kwa hiyo, dhana inayodhaniwa kuwa zao la maabara za Marekani ilizaliwa ikiwa na jina la ujima wa kijijini.

Jambo hili lina uzito katika uhakiki. Katika picha ya bayanihan, anayesaidiwa anajulikana kwa sura, wabebaji wanajuana, na kila mmoja anatarajia kwamba siku ya kuhama kwake wenzake watafika. Kinachotolewa ni nguvu ya mwili, ambayo mtu anaihitaji kwa shamba lake mwenyewe. Hivyo, bayanihan ni kutoa sehemu ya kile ambacho mtoaji anakihitaji, kwa imani kwamba jamii itakumbuka.

Dhana hiyo ilipoingia katika miradi mikubwa, jina lilibaki lakini mahusiano yakabadilika. Programu ya BOINC, iliyoasisiwa na David Anderson wa Berkeley na kuwa msingi wa miradi mingi baada ya SETI@home, haimwezeshi mtoaji mmoja kumpa kazi mtoaji mwingine. Kila kompyuta huongea na seva ya mradi peke yake. Seva hupeleka kipande kilekile kwa watu wawili au zaidi na kulinganisha majibu, kwa sababu haiwezi kumwamini yeyote kati yao. Sarmenta mwenyewe alilishughulikia kwa kina tatizo la mtoaji anayerudisha majibu ya uongo. Utaratibu huo ni sahihi kiufundi. Hata hivyo, kwa mtazamo wa ujima, ni kama kuihamisha nyumba kwa wabebaji waliofungwa macho, kila mmoja akisimamiwa asiibe nguzo.

3.0 Dhana ya Ziada

Nguzo ya maandiko yote ya uwanja huu ni kompyuta iliyolala. Inadhaniwa kwamba mtu amekwisha kununua mashine, umeme na intaneti kwa shughuli zake, na kwamba muda ambao kichakataji hakifanyi kazi ni ziada isiyo na thamani kwake. Akiitoa, hapungukiwi na chochote. Dhana hii ina dosari mbili inaposomwa Karagwe na Kyerwa.

Dosari ya kwanza ni ya kiuchumi. Kompyuta inayokokotoa hutumia umeme mwingi kuliko inayosubiri. Mahali ambapo ankara huja mwisho wa mwezi, tofauti hiyo huweza kusahaulika. Mwenye mita ya LUKU hununua uniti kabla ya kuzitumia na huziona zikipungua. Intaneti nayo, kwa watu wengi, ni kifurushi kilicholipiwa kabla na chenye siku yake ya kwisha. Kila kipande cha kazi kinachopakuliwa kinakatwa humo. Aidha, chombo ambacho wengi wanacho ni simu, na simu haina muda wa kulala unaofanana na ule wa kompyuta ya ofisini: chaji yake ndiyo mawasiliano ya kesho. Kwa watu hawa, ziada ambayo maandiko yanaitegemea haipo. Kilichopo ni akiba.

Dosari ya pili ni ya kidhana, na inaweza kufafanuliwa kwa mfano wa butura. Wakulima wa kahawa mkoani Kagera wanalifahamu neno hili: ni kuuza kahawa ingali maua au changa mtini, kwa bei ya chini, ili mkulima apate fedha za kukabili ugonjwa, ada au msiba. Serikali na vyama vya ushirika vimeupiga vita utaratibu huu kwa miaka mingi, lakini mazingira yanayouzaa hayajatoweka. Mpita njia anayetazama shamba lililochanua huona mali iliyotulia ikisubiri msimu. Kumbe maua yale yana mwenyewe, naye si mkulima. Katika uchumi wa namna hii, rasilimali inayoonekana kulala mara nyingi imekwisha kuwekwa rehani, au imehifadhiwa kwa ajili ya dharura. Mtaalamu anayehesabu vifaa vilivyolala ili apate kipimo cha uwezo wa jamii kujitolea atakosea kwa namna ileile.

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maandiko ya ukokotoaji wa kujitolea yamejengwa juu ya kinyume cha methali hii. Hayaulizi juu ya moyo kwa sababu yamehakikisha kwanza kwamba kinachotolewa hakimgharimu mtoaji. Huo ni ubunifu mkubwa wa kihandisi, na ndio uliowezesha mamilioni ya watu kushiriki. Lakini mfumo unaomkaribisha mtu kwa sharti la kuwa na ziada umekwisha kuchagua ni nani atakayeitwa mtoaji.

4.0 Nani Huhesabiwa Kuwa Amejitolea?

Athari ya uchaguzi huo inaonekana katika mradi wa Africa@home, uliozinduliwa rasmi mwaka 2006 kwa ushirikiano uliojumuisha CERN, Chuo Kikuu cha Geneva na Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Uswisi. Programu yake ya kwanza, MalariaControl.net, ilitumia BOINC kuendesha modeli za maambukizi ya malaria, ili kulinganisha manufaa ya chanjo, vyandarua na dawa kabla ya kutumia fedha. Lengo lilikuwa jema na matokeo yalikuwa ya manufaa kwa sayansi.

Hata hivyo, modeli haiendeshwi kwa umeme na vichakataji pekee. Inahitaji data ya watu na mbu. Sehemu ya data iliyojenga modeli hizo ilitoka Tanzania, katika bonde la Kilombero, ambako taasisi hiyo ya Uswisi ilifungua maabara Ifakara mwaka 1957. Kijiji cha Namawala kimekuwa rejea ya kawaida katika modeli hizo, kwa sababu msimu wake wa maambukizi ulipimwa kwa uangalifu. Nyuma ya vipimo hivyo wapo watu waliotoa damu, waliofungua nyumba zao zitegwe mbu na waliojibu maswali ya watafiti jioni baada ya shamba.

Katika BOINC, mwenye kompyuta hupata alama kwa kila kipande alichokamilisha. Kipimo cha alama hizo hata kimepewa jina la mtu, Jeff Cobb, mmoja wa wataalamu wa SETI@home. Mwenye mashine huona jina lake likipanda katika orodha. Mwanakijiji aliyetoa damu hana alama wala orodha, ingawa bila yeye kipande kile cha kazi kisingekuwapo. Katika maandiko ya mradi, wa kwanza huitwa mtoaji, na wa pili huitwa sampuli.

Kagera inaijua nafasi hiyo ya pili. Unyunyiziaji wa dawa majumbani ulianza Muleba mwaka 2007, kisha ukafika Karagwe. Wananchi wa Muleba ndio walioshiriki katika jaribio la vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO, ambalo matokeo yake yalichangia kwa kiasi kikubwa pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2017 kuhusu vyandarua hivyo. Jaribio hilo halikuwa ukokotoaji wa kujitolea. Linatajwa hapa kwa sababu linaonyesha kwamba watu wa mkoa huu wamekwisha kutoa kwa sayansi ya dunia kitu kisicho ziada. Nadharia ya kujitolea isiyoweza kuwaona watu hao ina kasoro katika msingi wake.

5.0 Rika kwa Rika: Fadhila na Uanachama

Inaweza kudaiwa kwamba kasoro zilizotajwa ni za seva kuu, na kwamba mfumo wa rika kwa rika unaziponya. Dai hili linastahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Kila mshiriki katika mfumo huo anaweza kuomba kazi yake ifanywe, si kufanya kazi za wengine tu. Jaribio bora zaidi la kulitekeleza wazo hilo ni OurGrid, mfumo uliobuniwa na Andrade, Cirne, Brasileiro na wenzao wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Campina Grande, kaskazini-mashariki mwa Brazili, na kuanza kutumika mwaka 2004. Ulikusudiwa maabara ndogo zisizoweza kununua kompyuta kubwa. Hivyo, tofauti na SETI@home, OurGrid haikuzaliwa katika neema.

Wabunifu wake walikuwa na tatizo la wadoezi. Uchunguzi wa Adar na Huberman wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba karibu asilimia 70 ya watumiaji wa mtandao wa Gnutella walichukua mafaili bila kutoa hata moja. OurGrid ilijibu kwa utaratibu unaoitwa mtandao wa fadhila. Kila mshiriki huweka kumbukumbu yake ya nani alimfadhili na kwa kiasi gani. Maombi yanapokuwa mengi kuliko nafasi, huwatanguliza waliomfadhili zaidi. Salio halishuki chini ya sifuri, hivyo mdoezi hapati faida kwa kuondoka na kurudi kwa jina jipya. Hakuna benki wala mwamuzi. Kumbukumbu ya kila mmoja inatosha.

Uzuri wa utaratibu huu haukanushiki. Lakini swali la uhakiki ni hili: nani hunufaika na mtandao wa fadhila? Jibu la kulinganisha linapatikana Kagera kwenyewe. Kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, ni miongoni mwa vijiji vilivyochunguzwa zaidi duniani katika elimu ya mitandao ya kusaidiana. Mwaka 2000, Joachim De Weerdt alihoji kaya zote 119 za kijiji hicho kuhusu nani humtegemea nani wakati wa shida. Uchambuzi wake ulionyesha kwamba mahusiano hayo hufuata undugu, ujirani, ukoo, dini na mali, na kwamba kaya maskini zina mitandao myembamba kuliko kaya zenye uwezo. Nyakatoke si Karagwe wala Kyerwa, na mazingira ya Wanyambo hayapaswi kuchukuliwa kuwa nakala ya yale ya Wahaya. Hata hivyo, matokeo hayo yanatosha kutahadharisha. Fadhila humrudia aliyeweza kufadhili. Asiye na cha kutoa leo hatakumbukwa kesho, si kwa ubaya wa mtu yeyote, bali kwa mantiki ya daftari.

Hivyo ndivyo OurGrid inavyofanya kazi. Maabara yenye kompyuta 100 na umeme usiokatika hujilimbikizia fadhila. Maabara ya shule yenye kompyuta chache, zinazowaka umeme unapokuwapo, hupata makombo: nafasi iliyobaki baada ya wenye salio kuhudumiwa. Seva imeondoka, lakini daraja limebaki.

Ipo kanuni nyingine. Vyama vya kuzikana, ambavyo vimeenea Kagera, haviendeshwi kwa fadhila. Mwanachama akifiwa, wenzake huja na kuni, maji, chakula, fedha na nguvu za kuchimba kaburi. Asiyefika bila udhuru hutozwa faini. Msaada hautolewi kwa kupima nani alichangia zaidi katika misiba iliyopita; hutolewa kwa sababu mfiwa ni mwanachama na msiba umemfika. Kinachohesabiwa ni utimizaji wa wajibu, si wingi wa mchango. Kwa lugha ya uhandisi, kipaumbele huamuliwa na uhitaji ndani ya mipaka ya uanachama, wala hakiamuliwi na salio.

Vyama hivi hutatua pia tatizo ambalo Douceur alilibainisha mwaka 2002, kwamba katika mtandao usio na msimamizi mtu mmoja anaweza kujifanya watu wengi. Katika kitongoji, hakuna anayeweza kuhudhuria msiba kwa majina kumi. Hata hivyo, uhakiki haupaswi kuvitukuza vyama hivi. Vina viingilio, na asiyeweza kulipa huachwa nje. Vinadhibiti mwenendo wa wanachama kwa ukali ambao si kila mtu angeupenda. Aidha, ni vidogo, na hesabu kubwa zinahitaji mashine nyingi.

Kuhusu ukubwa, historia ya ushirika ina funzo. Mkulima wa Karagwe na Kyerwa ni mwanachama wa chama cha msingi, na vyama vya msingi huungana katika chama kikuu, KDCU. Ngazi hizi huruhusu watu wanaojuana kuungana na wasiojuana. Lakini mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na sheria ya kuvirejesha ilipitishwa mwaka 1982. Kitu kinachoweza kuvunjwa kwa tamko moja kina udhaifu uleule wa seva kuu. Mfumo wa uanachama unaohitajika ni ule ambao chini yake hubaki hai hata juu pakiondolewa.

6.0 Suala la Istilahi

Mjadala huu una athari kwa wanaotafsiri uwanja huu kwa Kiswahili. Neno kujitolea nchini Tanzania halina wepesi linaodhaniwa kuwa nalo. Huwataja walimu wahitimu wanaofundisha bila mshahara wakisubiri ajira. Huitaja pia nguvu kazi ya kujenga madarasa, ambayo asiyejitokeza huweza kutozwa faini. Ni kutoa kilicho haba, mara nyingine kwa shinikizo. Kulitumia kwa kichakataji kilicholala ni kulipunguzia uzito.

Neno ujima lina uzito unaofaa, lakini vitabu vya historia vya shule vimelifunga katika hatua ya kale ya maendeleo ya jamii. Neno rika nalo lina hazina iliyosahauliwa: katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, rika ni kundi lenye wajibu, si mkusanyiko tu wa walio sawa. Uhakiki huu unapendekeza kwamba mifumo ya aina ya BOINC iitwe ukokotoaji wa kuchangia, na istilahi ya rika ihifadhiwe kwa mifumo ambayo wanachama wake wana wajibu wao kwa wao.

7.0 Hitimisho

Uhakiki umeonyesha kwamba ukokotoaji wa kujitolea ulizaliwa kwa jina la ujima, ukakua kwa dhana ya ziada, na kwamba mifumo ya rika kwa rika imeondoa seva bila kuondoa dhana hiyo. Tathmini ya mfumo wowote utakaopendekezwa kwa shule, zahanati au vyama vya wakulima vya Karagwe na Kyerwa haina budi kuzingatia mambo matatu. Mosi, mchango upimwe kwa uwiano wa uwezo wa mtoaji, si kwa wingi wa hesabu zilizofanywa. Pili, kukatika kwa umeme na kwisha kwa kifurushi vichukuliwe kuwa udhuru unaojulikana, si kosa linalopunguza sifa ya mwanachama. Tatu, waliotoa data watambuliwe kuwa watoaji sawa na waliotoa mashine.

Mambo haya hayahitaji teknolojia mpya. Daftari la fadhila la OurGrid linaweza kuandikwa upya liwe daftari la wajibu kwa kubadili kanuni chache za kipaumbele. Kinachohitajika zaidi ni mtafiti anayekubali kwamba katika kitongoji cha Nkwenda au Nyaishozi tayari pana watu wanaoujua mtandao usio na seva, na kwamba wameuendesha kwa muda mrefu kwa daftari moja, kalamu moja na kumbukumbu ya nani hakufika msibani.